Dagaa Kumi na Mmoja Waliotazama Nje

Haya ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Naapa kwa mizani ya Lurleen, mwenye duka hili la chambo, ambayo haijawahi kumpendelea mtu, na Lurleen mwenyewe yuko pale kaunta akihesabu minyoo na kuiweka kwenye vikopo, masikio yote mawili yakiwa huku. Kwa hiyo hata ningetaka kupiga chuku, nisingethubutu.

Palikuwa na mzee mmoja hapa Ziwa Tallow, Tennessee, jina lake Hollis Tarpley. Kwa miaka thelathini na moja alitengeneza mabasi ya shule. Alipostaafu akabaki na kazi mbili: kuvua samaki aina ya besi na kudharau watu. Ya pili aliifanya vizuri zaidi, maana haikutegemea hali ya hewa.

Kila mtu alimpa dharau ya saizi yake. Purvis, mgawa barua mstaafu aliyekunywa naye kahawa kila asubuhi, alimdharau kwa kukubali kila aliloambiwa. Wavuvi wa majira ya joto aliwadharau kwa kuja wakati ambapo hata kuku angeweza kuvua. Na wale wa mashindano, wenye mashati yaliyobandikwa majina ya kampuni kama ukuta wa stendi, hao hakuwa tayari kupoteza hata mate yake kuwatemea.

Lakini dharau iliyo bora aliiweka akiba kwa ajili ya Januari, kwa sababu Januari ndipo dagaa wanapokufa.

Dagaa wa ziwa hili hawana mwili wa kuhimili baridi. Maji yakishafika kiwango cha kung'oa meno, wanalegea. Mmoja anapinduka ubavu, anametameta, anazunguka polepole kama jani, anazama. Halafu mwingine. Halafu ghuba nzima. Wengine wanaelea juu, na shakwe wanakuja kwa mamia kutoka sijui wapi, wakigombana kama watu kwenye msiba wa tajiri. Chini kabisa besi wametulia, mdomo wa kila mmoja mpana kama ndoo, wakingoja. Besi wa wiki hiyo hakimbizi kitu. Chakula kinamwangukia kinywani, akimbilie nini?

Kumvua kuna siri moja: usifanye kitu. Unatupa chambo, kisamaki cheupe cha plastiki, unakitikisa mara mbili, halafu unakiacha kining'inie majini kama kinachokata roho. Unahesabu mpaka thelathini. Unahesabu mpaka hamsini. Kamasi inakugandia puani na bado unahesabu. Anayevuta mapema anarudi nyumbani mikono mitupu. Na kwa hesabu za Hollis, aliyeweza kutulia namna hiyo katika jimbo zima alikuwa mmoja, naye alimwona kila asubuhi aliponyoa ndevu.

Hapa dukani kwa Lurleen pana jiko la kuni, na kando ya jiko pana kiti. Hicho hapo. Ni kiti cha dereva cha basi namba kumi na nne. Wakubwa walipomuaga Hollis walimpa cheti na saa iliyosimama baada ya wiki mbili. Kiti alikifungua mwenyewe kwa spana. Akakileta hapa, akakifunga sakafuni kwa bolti nne, kisha, kwa ukarimu wa mtu anayejua hatapoteza chochote, akatangaza kwamba kitakaliwa mwaka mzima na yeyote atakayepima besi mzito kuliko wote katika wiki ya dagaa. Samaki awe hai, apimwe kwenye mizani ya Lurleen kabla ya saa sita mchana, Jumamosi ya mwisho wa Januari, halafu arudishwe ziwani.

Miaka sita mfululizo kikawa chake. Nyumbani alikuwa na kochi, televisheni na ukimya, tangu mkewe afariki. Dukani alikuwa na kiti, na aliyekaa kwenye kiti alisikilizwa. Akikikosa, angekaa kwenye stuli ya mlangoni, penye upepo, akidakia maneno ya wengine. Hilo lilimtisha kuliko kaburi, ingawa ungemkamua usingelipata mdomoni mwake.

Ipo sheria ya pili, ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi juu ya jiko. Hiyo pia aliitunga Hollis, majira manne ya baridi yaliyopita, siku Purvis alipodai amevua besi wa ratili kumi na kumwachia kwa huruma. Inasema: Mwongo wa samaki atavaa aproni ya Lurleen na kuhudumia watu mpaka miti ya kando ya ziwa ichanue maua meupe. Kila mgeni atasimuliwa alichofanya, mwanzo hadi mwisho. Akitia chumvi, anaongezewa wiki. Purvis alivaa aproni wiki kumi. Aliyecheka zaidi ya wote ni Hollis, akiwa kitini, akiagiza mchuzi ambao hakuuhitaji.

Sasa tuje kwa huyu Daktari Coe.

Brantley Coe ni daktari wa meno kutoka Nashville. Alijenga nyumba ng'ambo ya pili miaka mitatu iliyopita, akaja na boti iliyong'aa kama pipi iliyolambwa, glavu zenye umeme ndani, na mitambo mitatu ya kuwaona samaki chini ya maji. Hollis alimpa jina la Meno siku hiyo hiyo.

"Hizo skrini tatu," akamuuliza, "moja ya samaki, ya pili ya mpira, na ya tatu ya kumwangalia mama yako?"

"Zote za samaki, Mzee Hollis."

"Na samaki wanakutazama wewe kwenye ipi?"

Purvis alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Daktari naye akatabasamu, akasema hilo hakuwahi kulifikiria. Ndicho kilichomuudhi Hollis kuliko yote: mtu hakasiriki! Unamrushia jiwe, analipokea kwa mikono miwili, analiweka chini taratibu, anakushukuru.

Akamtolea uongo mkubwa. Akamwambia kwamba mwaka themanini na tano dagaa walikufa kwa wingi hata mbwa wake wa kuwindia akavuka Ghuba ya Kinu kwa miguu, akitembea juu yao, na akarudi na sungura.

"Mbwa wa uzito gani?" Daktari akauliza, na kalamu mkononi.

"Ratili sitini. Sitini na mbili pamoja na sungura."

Daktari akaandika.

"Na ushauri wako kwangu, mzee?"

"Vuta haraka," Hollis akasema, macho makavu. "Besi wa baridi ana hasira. Vuta kama unafukuzwa na mama mkwe."

Maskini wa Mungu, akavuta. Majira mawili mazima ya baridi alisimama kwenye pipi yake akivuta chambo kama anawasha mashine ya kukata nyasi, asipate hata gamba. Hollis alikuwa akipita karibu kwa mashua yake ya bati, akimpungia mkono.

Ndipo ikaja Jumamosi ya mwisho wa Januari, mwaka huu. Saa nne asubuhi Hollis alikuwa kitini, hajavua samaki mkubwa sana wiki nzima na hana wasiwasi, maana mzito wa wengine wote ubaoni alikuwa wa ratili tano, wa Purvis. Yeye asubuhi ile ile alikuwa ameshapima wake, wa ratili sita.

Mlango ukafunguliwa na kisigino. Daktari Coe akaingia kinyumenyume, amekumbatia beseni.

"Samahani, mama Lurleen. Sijui kama anafaa."

Lurleen akamwinua yule besi kwa taya, akamtundika. Sindano ya mizani ikatetemeka, ikatulia. Ratili nane na wakia kumi na mbili.

"Ulimvuta haraka?" Purvis akauliza.

"Hapana. Nilikumbuka wagonjwa wangu." Daktari alikuwa akipangusa mikono yake taratibu, kidole kwa kidole. "Mtu akiogopa, hata umbembeleze vipi, hafungui mdomo. Mimi huweka mikono mapajani nikanyamaza. Baada ya muda anafungua mwenyewe. Nikasema, ngoja nijaribu hivyo."

"Umebahatisha," Hollis akasema.

"Nadhani hivyo, mzee."

"Usikubaliane na mimi!"

"Shemeji," Lurleen akasema, maana alikuwa mke wa marehemu kaka yake Hollis na hakumwogopa tangu enzi hizo, "badala ya kumfokea mgeni, angalia saa. Una saa mbili. Au nikuletee stuli ya mlangoni uanze kuizoea?"

Hollis akainuka bila kugusa kahawa yake.

Injini ya mashua ilikataa kuwaka mpaka ilipotukanwa ukoo wake wote. Akaenda moja kwa moja Ghuba ya Kinu, akatupa nanga, kopo la kahawa lililojazwa zege, na kutazama. Maji yalikuwa meupe kwa dagaa. Shakwe walikuwa wameshiba hadi wanaelea bila kujali. Akatupa chambo, akatikisa mara mbili, akaacha.

Anapohesabu, Hollis huhesabu viti vya basi. Viti vya basi namba kumi na nne vilikuwa arobaini na nane. Alimaliza basi la kwanza, hakuna kitu. La pili, hakuna. Alitupa chambo pande tatu za mashua, na vidole vilikufa ganzi, akawa anahesabu huku anamtukana Meno kila baada ya safu. Saa tano na robo, kwenye kiti cha arobaini na nne, mshipi ukasogea pembeni. Ulisogea tu, kama mtu anayepisha njia.

Akaipiga fimbo juu. Na huyo besi, Bwana wee! Alikwenda chini kama sefu ya benki. Aliivuta mashua, akaikokota kinyume na upepo mpaka katikati ya ghuba, mzee kashika ukingo kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, shakwe wanapisha. Hatimaye akampata, akamtundika kwenye kimizani chake cha mkononi.

Ratili nane na wakia tatu.

Samaki mzuri. Mwaka mwingine wowote angeshinda kwa mbali. Mwaka huu alipungukiwa wakia tisa, na ya kumi ya kumpita mtu. Hollis akakaa chini. Akaona stuli ya mlangoni. Akamwona Meno kwenye kiti cha namba kumi na nne, akitabasamu, akisema "nadhani hivyo, mzee."

Mbavuni mwa mashua dagaa walikuwa wakielea, wanono, kila mmoja karibu na wakia moja.

Sasa fuata hoja zake, maana alizipanga vizuri. Besi huyu alikuwa akila dagaa. Angeachwa nusu saa zaidi, angekula zaidi. Ni nani aliyemkatiza chakula chake? Ni Hollis. Kwa hiyo Hollis ana wajibu gani? Kumsaidia amalizie. Akaokota dagaa wa kwanza, akamshika kichwani, palipo pagumu, kwa sababu vidole havikuwa na hisia tena, na kumsukuma kooni mwa besi kwa kidole cha shahada. Wa pili. Wa tatu. Kinywa cha besi kina meno madogo kama msasa, yakamchuna ngozi, hakusikia. Alipofika wa kumi na mmoja, besi akamtazama kwa jicho ambalo Hollis hakulipenda, mzee akaacha.

Saa sita kasoro dakika nane mizani ya Lurleen ikasoma ratili nane na wakia kumi na nne.

Purvis akapiga kelele. Daktari Coe akawa wa kwanza kumpa mkono. Hollis akajitupa kitini, akanyoosha miguu kuelekea jiko la kuni, na hotuba ikamtoka bila kuombwa.

"Unaona, Daktari, uvuvi si kazi ya mashine. Unaweza kununua boti, unaweza kununua glavu zenye umeme. Utulivu haununuliwi. Wewe rudi kwa magego yako, nasi tutakuja kwako tukiumwa. Lurleen! Mikate na mchuzi kwa mgeni, ajifariji."

"Asante, mzee. Ni samaki wa ajabu. Naruhusiwa kumtazama kabla hajarudishwa?"

"Mtazame mpaka uchoke. Jifunze."

Daktari akapiga magoti kando ya beseni. Kwa mazoea, bila kufikiri, akatoa kurunzi ndogo mfukoni mwa shati, ile ya kazini, akaufungua mdomo wa besi kwa kidole gumba, akamulika ndani. Akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Mzee Hollis," akasema mwishowe, kwa sauti ya kumwambia mtu habari za jino lililooza. "Hawa dagaa wanatutazama."

"Nini?"

"Wanatazama nje. Wote."

Hakuna mtu wa ziwa hili asiyejua kwamba besi humeza kwa kuanzia kichwani, ili mapezi ya chakula yalale yasimchome koo. Ukimfungua mdomo wiki ya dagaa, unachoona ni mikia. Na anayependa kuwafundisha wageni jambo hilo, kitini, kwa kidole kilichonyooshwa, ni Hollis Tarpley.

Purvis akasogeza beseni la pili. Kooni mwa besi wa Daktari ilichungulia mikia miwili midogo, imelala vizuri. Lurleen akakunja mikono ya sweta, akachukua koleo la ndoana, na kuanza kutoa kutoka kwa besi wa Hollis. Kila dagaa alitoka kichwa mbele, macho wazi, kama abiria wanaoteremka kituo cha mwisho. Akawapanga kaunta. Kumi na mmoja.

"Jitetee, shemeji."

Hollis alikuwa amesema uongo kwa miaka sabini na haukuwahi kumwangusha. Akafungua mdomo kwa imani.

"Baridi ya mwaka huu," akasema, "ilikuwa kali mno, dagaa wakawa wanaogelea kinyumenyume, ili macho yao yasigande. Besi akawakuta wamegeuka."

Purvis, ambaye hajawahi kupinga neno la mtu tangu azaliwe, akaangalia viatu vyake.

"Nionyeshe kidole," Lurleen akasema.

"Kidole gani?"

"Unakijua."

Akakitoa. Kilikuwa kimechunika mpaka kiungo cha pili, chekundu kama kimepitishwa kwenye msasa. Lurleen akampima besi upya: ratili nane na wakia tatu. Kisha akavua aproni yake, ile yenye maua ya bluu, akamvisha Hollis shingoni na kuifunga nyuma kwa mafundo mawili.

Daktari alijaribu kukataa kiti. Alisema kwa kweli angependa mzee aendelee kukaa, yeye huwa hakai sana. Fikiria! Mtu umemdanganya miaka mitatu, anakuonea huruma mbele ya watu. Lurleen akamwambia akae, asiharibu sheria. Akakaa. Kiti kile kilimkaa vizuri, na hilo pia ni kweli.

Basi ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo maana umeingia kununua minyoo na umepewa mikate ya moto na mchuzi wa soseji na mtu mwenye kidole chenye kovu. Nimesema Hollis, Hollis, kama vile ni mtu wa kata nyingine. Hilo sheria haikatazi. Huko nyuma nilianza kwa kusema "mimi", ikawa inanikwama kooni kama pezi. Kula, mchuzi unaganda. Huyo anayesoma gazeti kitini ndiye Daktari mwenyewe. Usimsalimie sana, atakujibu kwa adabu na utaniudhi.

"Shemeji," anasema Lurleen, bila kuinua macho kutoka kwenye minyoo.

"Nimemaliza, Lurleen. Nimesema kila kitu. Mpaka kidole nimesema."

"Besi aliivuta mashua mpaka katikati ya ghuba?"

"Kinyume na upepo."

"Na nanga?"

"Nanga ipi?"

"Kopo la zege. Umemwambia mgeni uliitupa. Hukumwambia uliipandisha."

"Aliisema, ni kweli," anadakia Purvis. Sasa ndipo anajifunza kusema!

Daktari anashusha gazeti. "Labda nanga ilikokoteka kidogo, mama Lurleen. Matope ya pale ni laini."

"Usinitetee!" namwambia. "Nani kakuomba?"

Lurleen ananinyooshea chaki. Ubao uko nyuma ya mlango, mgeni, tazama ukitoka. Miti ya kando ya ziwa ilichanua Aprili, ikapukutisha, sasa ina majani mabichi na leo tuko katikati ya Juni. Ile mistari yote ni wiki zangu. Mmoja ni wa siku niliposema dagaa walikuwa ishirini, miwili ni ya yule mbwa.

Nachora mwingine. Mkono hautaki, lakini nachora.

"Mzee Hollis," anaita yule wa kitini, polepole, kwa heshima zake zote. "Ukipata nafasi. Mchuzi kidogo tu."